Niliandika "Walipigana"

Barangay Hinabuan, Negros
Jumapili, tarehe 18 Agosti

Manang Felisa, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje, na zile ngazi za jengo unakofanya kazi bado zinakutesa? Je, yule bibi kizee unayemtunza ameanza kula tena? Huku tunaisikia Hong Kong kwenye taarifa za vimbunga tu, na kila wakiutaja upepo wa huko, mjukuu wako Pia husimama mbele ya televisheni akitafuta uso wako kati ya watu wenye miavuli. Hajambo. Ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, asubuhi anakula wali na samaki mkavu bila kubembelezwa, na mwalimu wake anamsifu kwa mwandiko. Wewe, bibi yake, anakuita Lola wa Mbali. Mimi nami sijambo, kwa maana kwamba naamka, nafagia, napika.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunaonana kwa simu kila Jumapili. Nimejaribu kukuambia kwa simu mara nne. Kila nikianza naona uso wako umechoka, umejikunyata kwenye hicho kitanda cha ghorofa, nami nageuza maneno, nakuuliza umekula nini. Simu inanipa njia ya kukimbia. Karatasi hainipi. Tafadhali tafuta mahali pa kukaa, uisome hadi mwisho, kisha ufanye utakavyo.

Hukumu umeshaisikia kwa binamu yetu Bebot. Alikuambia kwamba Rodnel amepewa miaka minane, badala ya kifungo cha maisha tulichokiomba, na kwamba jaji ameona kifo cha binti yako Jocel kilitokana na ugomvi wa mume na mke uliovuka mpaka. Bebot aliniambia ulilia, kisha ukauliza jaji ameutoa wapi huo ugomvi, maana mwanao hata paka hakuwahi kumpiga. Bebot alikujibu kwamba hajui. Anajua, Manang. Barangay nzima inajua, kijiji chote. Nimewasihi waninyamazie hadi nipate ujasiri wa kukuambia mwenyewe.

Jaji ameutoa kwenye kitabu changu.

Unakumbuka nilivyofurahi mkuu wetu, Kapiteni Eufronio, aliponiteua kuwa katibu wa barangay. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye meza ile, chini ya feni, nikiandika yanayowasibu watu: kuku aliyeibwa, mpaka wa shamba, mlevi aliyelala barabarani. Hayo yote yanaingia kwenye kitabu cha bluu. Ilipokuja sheria ya wanawake tulipewa kitabu cha pili, cha jalada la zambarau, tukapelekwa mjini siku mbili kufundishwa. Mama mmoja mfupi mwenye miwani alitueleza bila kuzunguka. Mwanamke akija kusema mumewe amempiga, unafungua cha zambarau. Hakuna kuwaketisha meza moja, hakuna kupeana mikono. Siku ileile Kapiteni anasaini hati ya kumzuia mume asimkaribie mkewe kwa siku kumi na tano, na mgambo wanampelekea hata kama ni shemeji yao.

Kwa hiyo neno ndilo lililochagua kitabu. Nikiandika "alimpiga", cha zambarau. Nikiandika "walipigana", cha bluu, halafu wanaitwa wote wawili, wanapewa nasaha na soda, wanasaini. Angalia maneno hayo mawili yalivyo karibu. Unageuza mwanzo kidogo, unachomeka herufi mbili kwenye mkia wa neno, na mtu aliyepigwa naye anakuwa mpiganaji.

Kitabu cha zambarau hakikuwahi kuandikwa kitu. Kila mwaka wakaguzi kutoka mjini walikuja, wakakifungua, wakakikuta cheupe, wakatupongeza. Tulipata cheti: Barangay Isiyo na Ukatili. Miaka minne mfululizo. Kapiteni alivitundika ukutani kwa mstari, karibu na picha ya Bikira Maria, na kila mgeni alionyeshwa vyeti kwanza.

Jocel alikuja mara ya kwanza mwezi wa Januari mwaka jana, siku chache baada ya sikukuu ya Mtoto Mtakatifu, mapambo yakiwa bado yananing'inia. Alimbeba Pia ubavuni. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka na kuvimba hadi maneno yanatoka nusu. Alisema, "Tiya, Rodnel amenipiga." Alisema wazi hivyohivyo, na aliyempiga alimtaja. Nami, mama yake mdogo, swali la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Ulifanya nini?"

Akaanza kujieleza. Wali uliungua. Rodnel alirudi amechoka kutoka kufunga nyaya kwenye nyumba ya mtu, akachukua mfuniko wa sufuria. Nikamuuliza kama naye alimrudishia. Alifikiri kidogo, akasema alimrushia kandambili wakati anakimbilia mlangoni, haikumpata. Nikasema, "Basi mlipigana." Akanitazama. Akasema, "Labda, Tiya." Nikaandika.

Kapiteni alipousoma ule mstari alicheka hadi akakohoa. "Mfuniko mmoja, kandambili moja! Mechi imetoka sare!" Mgambo wetu, Manong Dikoy, akamwambia Jocel, "Ukirusha tena, mwanangu, lenga vizuri." Watu walicheka. Rodnel aliitwa, akaja ameoga, nywele zimechanwa, akalia machozi ya kweli, akanishika mkono akauweka kwenye paji la uso wake kama kijana mwenye adabu. Unamjua alivyokuwa. Nani alikuwa hampendi Rodnel? Umeme wa ofisi ile alikuwa ameufunga yeye bure, na taa za kanisa, na feni iliyokuwa inanipepea nikiandika. Wakapeana mikono. Jocel alikunywa soda kwa mrija, upande wa mdomo uliokuwa mzima.

Alirudi mwezi wa Mei, wakati watoto wanapeleka maua kanisani. Safari hiyo mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni. Zahanati walikuwa wamemwandikia "ameanguka". Alipitia dukani kwa Nang Pacing kumwacha Pia, nami nilikuwepo pale nanunua siki, kwa hiyo niliyasikia yote. Nang Pacing alimwambia, "Huyo mumeo ana wivu kwa sababu anakupenda. Wangu mimi hata nikipita uchi mbele yake atauliza chakula kiko wapi!" Wanawake wakaangua kicheko. Jocel naye akacheka, huku ameushikilia ule mkono usitikisike.

Ofisini aliniambia, "Tiya, safari hii hatukupigana. Mimi nilikuwa nakunja nguo." Nilikuwa nimeshaandika herufi mbili za kwanza za neno lilelile. Nikaweka kalamu chini, nikamweleza kwa upole, kwa sauti ile ninayoitumia kumbembeleza Pia anywe dawa. Nilimwambia kwamba lile neno jingine likiandikwa haliwezi kurudishwa. Litampeleka mwanamume polisi, litafika kanisani, litafika kwako Hong Kong. Nikamuuliza, "Unataka Pia aitwe binti wa mfungwa?" Akasema hataki. Nikasema, "Basi." Nikamalizia neno.

Sitaki ufikiri nilizaliwa na ukatili, au kwamba Kapiteni alinishika mkono nikaandika. Wewe na mimi tulijifunza nyumba moja. Tatay alipovunja taya la Nanay tuliambiwa baba yetu amechoka na mavuno. Alipomfungia nje kwenye mvua, tuliambiwa leo Tatay hana raha. Ulikuwa na miaka kumi, mimi saba, na tulikuwa tayari tunajua kusema hivyo kwa majirani bila kufundishwa tena. Siku ya maziko ya Nanay padri alimsifu mama yetu kwa uvumilivu wake, nasi tukaitikia kwa kichwa. Mimi nilichofanya ni kuchukua maneno ya jikoni kwetu, nikayapigia muhuri wa ofisi.

Sasa ile Jumapili ya Septemba. Ulielezwa alivyokufa, lakini hukuelezwa alivyoachwa. Ilikuwa mchana, watu wametoka misa, kila nyumba wanakula. Nang Pacing alisikia kelele nyuma ya duka lake, kule kwenye sinki la saruji wanakofulia. Akampigia simu Manong Dikoy, akamwambia, "Wale wawili wameanza tena." Dikoy alikuwa na sahani ya kuku wa kuchoma mbele yake. Alimaliza. Akanawa mikono. Alipofika, Jocel alikuwa amelala kando ya sinki, kichwa kimepasuka, na Rodnel amekaa chini anasema, "Tuligombana tu, tuligombana tu." Mahakamani Dikoy alilia kama mtoto. Alisema, na ninamwamini, kwamba kama angeambiwa Rodnel anamuua mkewe angekwenda mbio bila viatu. Lakini aliambiwa wameanza tena, na walioanza tena wanaweza kusubiri mtu amalize kula.

Mwezi wa Juni niliitwa mahakamani. Wakili wa Rodnel ndiye aliyeniita, Manang. Nilienda na kitabu cha bluu kwenye mfuko wa plastiki. Akaniomba nisome kwa sauti tarehe na maelezo. Nikasoma: walipigana kwa sababu ya kutoelewana, wamepatanishwa. Nikasoma ya pili: walipigana, wamepatanishwa. Ya tatu vilevile. Akaniuliza kama huo ni mwandiko wangu. Nikasema ni wangu. Akamgeukia jaji akasema, kwa adabu sana, kwamba hapa hakuna mnyama aliyemwinda mwanamke. Hapa kuna watu wawili wenye hasira, waliozoea kupigana na kusameheana, na siku moja mmoja wao akaanguka vibaya. Akasema shahidi wake si ndugu wa mshtakiwa. Shahidi wake ni mama mdogo wa marehemu.

Kapiteni alikuwa amenionya asubuhi ile nijibu ninachoulizwa tu. Lakini nilipomwona Rodnel anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza habari ya msiba wa mwenzake, nilisimama. Nilisema yale maneno si ya Jocel. Nilisema Jocel hakuwahi kusema walipigana, alisema amepigwa, na mimi ndiye niliyebadilisha. Wakili wala hakukasirika. Aliniuliza, "Mama, unamwambia jaji kwamba uliandika uongo kwenye kitabu cha serikali mara tatu, na ukapiga muhuri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na leo tukuamini?" Akaketi.

Jaji aliandika kwenye hukumu kwamba maneno yangu hayawezi kutegemewa, kwa kuwa nina uchungu wa kufiwa na nimekiri mwenyewe kughushi. Kwa hiyo akashika kitabu. Unaona ilivyokuwa? Nilipodanganya niliaminiwa. Niliposema kweli, uongo wangu mwenyewe ulinishinda.

Nimeshapoteza kazi, na huenda nikashtakiwa. Hilo halinisumbui. Kapiteni anasema dukani kwamba Nenita amechanganyikiwa na msiba. Hata mimi nimetafutiwa neno langu.

Haya yote watu wanayajua. Sasa nakuambia wasilolijua, ambalo hata mahakamani sikulisema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Ni habari ya mara ya tatu.

Ilikuwa Jumanne, siku tano kabla ya ile Jumapili, yapata saa nne asubuhi. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi. Tulikuwa uani tunapika wali mtamu wa kuwakaribishia na kufua mapazia, na bango jipya limeletwa, limeandikwa Mwaka wa Tano. Jocel aliingia ofisini peke yake, amejifunga skafu shingoni kwenye joto lile. Nilimsalimu, akajibu kwa sauti iliyokwaruza, kama ya mtu mzee. Jicho moja lilikuwa na damu ndani, kwenye weupe. Nilimpa maji akashindwa kuyameza. Alifungua skafu bila mimi kumwambia. Alama za vidole zilikuwa pande zote mbili za koo, Manang, ningeweza kuzihesabu.

Nilijua maana yake. Yule mama wa miwani alikuwa ametuambia, na nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu na kupigia mstari: aliyekabwa koo leo, msimwache arudi nyumbani, huyo yuko jirani na kifo. Kwa hiyo usije ukafikiri sikujua. Nilivuta droo. Nilikitoa kitabu cha zambarau, nikakifungua ukurasa wa kwanza, nikaandika tarehe. Jocel aliona. Aliketi wima. Uso wake ulibadilika, ukawa kama alipokuwa msichana mdogo ukimwambia mnakwenda sokoni pamoja.

Kapiteni akaita kutoka nje, "Nenita, hili bango tuliweke wapi, mlangoni au ukutani?" Nikageuka nikalitazama. Nikakitazama kile kitabu, miaka minne kisafi, na tarehe yangu peke yake pale juu. Nikakifunga.

Nilimwambia avumilie siku tatu tu, wageni waondoke, halafu tutaandika vizuri, tena mimi mwenyewe nitampeleka mjini. Nilimwambia aende alale kwangu, kisha nikakumbuka kwamba nyumba yangu nayo imejaa masufuria na wanawake wanaopika, watamwona shingo na kuuliza, nikasema hapana, labda Ijumaa. Alinisikiliza. Akajifunga skafu yake. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema kwa ile sauti iliyokwaruza, "Haya, Tiya. Andika lile neno lako." Nikavuta kitabu cha bluu, nikaandika walipigana, wamesameheana. Rodnel hata hakuwepo hapo asamehewe.

Hati ya kumzuia ingekuwa ya siku kumi na tano. Jumapili ingekuwa ya sita.

Alhamisi wakaguzi walikuja, wakala, wakakifungua kitabu cha zambarau. Waliiona tarehe. Mmoja akaniuliza ni ya nini, nikasema nilikosea kitabu. Cheti cha tano kiko ukutani hadi leo.

Na wewe ulipokuja kumzika, siku ile nakusindikiza uwanja wa ndege, ulinishika mabega yote mawili ukaniuliza kama Jocel aliwahi kuja kwangu, kama aliwahi kuniambia lolote. Nilikujibu hakuwahi. Nilisema mwanao alikuwa msiri, kama wewe. Ulinishukuru kwa kumtunza. Ulinivulia saa yako ukanipa. Sijaivaa hata siku moja.

Hilo ndilo nililokuwa nashindwa kulisema kwenye simu.

Kuhusu Pia. Juzi ameniuliza mama yake alikufaje, kwa sababu shuleni wamemwambia alianguka. Nilimketisha nikamwambia, "Baba yako alimpiga, akafa." Nang Pacing alinisema sana, kwamba mtoto haambiwi hivyo, anaambiwa mama amekwenda kwa Mungu. Pia hakulia. Aliuliza kama mama yake alikuwa amekosa. Nikamwambia hapana. Akaniuliza sasa kwa nini hakuna mtu aliyemwambia baba aache. Hapo, Manang, nikamwambia tukaoge.

Wewe ndiye bibi yake. Ukitaka akae kwa Bebot hadi urudi, nitamfungia nguo zake na kumpeleka mwenyewe. Ukitaka abaki, nitamlea. Amua bila kunifikiria mimi.

Bebot anakusalimu, na padri mpya naye anakusalimu, ametuahidi misa ya mwaka mmoja wa Jocel mwezi ujao. Pia amechora nyumba, anasema ni ya kwako huko, ndiyo maana ina madirisha mengi. Nimeikunja ndani ya bahasha. Nisalimie yule bibi yako kizee, na ulipake goti mafuta ya moto kabla ya kulala.

Usijilazimishe kunijibu upesi. Ila ukijibu, nakuomba sana, usiniandikie kwamba ilikuwa bahati mbaya, wala kwamba sote tulikosea. Niite jina ninalostahili, dada. Usinitafutie neno laini.

Ni mimi mdogo wako,
Nenita